Wanawake wa Vanga Hawahitaji Kufundishwa Sindano

Siku ya Idd, simama nje ya msikiti wowote kuanzia Vanga hadi Msambweni uangalie vichwa vinavyotoka. Kofia za mashine ndizo nyingi, zile zinazoletwa kwa makontena na kuuzwa rahisi. Katikati yake utaona chache za mkono. Anayezijua hana haja ya kuzigusa: viua vyake, yaani vitundu vya nakshi, vimepangika bila kufanana kama vya mashine, uzi umelala ulivyolazwa na mtu, na kofia yenyewe imekaa kichwani wima. Mvaaji atakwambia aliinunua duka gani na alitoa pesa ngapi. Muulize ni nani aliyeishona, hatakuwa na jibu.

Miongoni mwa wanaoshona kofia hizo kwenye pwani hii ya kusini wamo wanawake wa Kipemba. Hao ni watu ambao hadi juzi dola ya Kenya haikuwahesabu kuwa wake, ingawa bibi zao wamezikwa huku na watoto wao wamezaliwa huku. Naandika habari zao kwa sababu kila mara shirika au ofisi inapotaka kuwasaidia wanawake waliohama makwao, jambo la kwanza linalofikiriwa ni darasa: warsha ya kushona, warsha ya kudarizi, warsha ya kufuma. Mimi nasema darasa silo lililokosekana. Kilichokosekana ni karatasi, bei na jina la mshonaji.

Pemba si mbali na Vanga. Mashua ikipata upepo mzuri huvuka usiku mmoja. Wapemba walianza kuja tangu kabla ya uhuru wakifuata samaki, wakipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa msimu na kurudi, na wengine hawakurudi. Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar mnamo Januari 1964 wakaja wengine, na safari hiyo walikuwa wakikimbia. Wakakaa Vanga, Jimbo, Shimoni, Wasini, Kibuyuni, Gazi, hadi Kilifi na kwingineko. Wakaoa na kuolewa na Wadigo, Wavumba na Wasegeju. Ukipita leo katika vijiji hivi huwezi kumjua Mpemba kwa sura wala kwa mavazi. Labda lafudhi, nayo kwa watoto imekwisha.

Halafu ikaja 2001. Tarehe 26 na 27 Januari mwaka huo, vikosi vya usalama viliwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF Unguja na Pemba, waliokuwa wakipinga uchaguzi wa Oktoba 2000. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari wakashukia Shimoni. Hao walipokelewa na Umoja wa Mataifa, wakaandikwa kuwa wakimbizi, wakapelekwa Dadaab, na wengi wao baadaye walirejea kwao. Jambo la ajabu ni hili: mwanamke aliyefika mwaka 2001 kwa mashua alipewa kadi ya mkimbizi, na yule aliyefika mwaka 1964 kwa bahari hiyohiyo, kwa hofu ya aina hiyohiyo, hakupewa chochote. Hakuwa mkimbizi wa kuandikwa, wala raia wa Kenya, na Tanzania nako hakuwa na pa kurudi. Watoto wake walirithi hali hiyo, na wajukuu vilevile.

Shida za mwanamume wa Kipemba zimesimuliwa sana, na ni haki zisimuliwe. Bila kipande, yaani kitambulisho, hakuna leseni ya uvuvi, na bila leseni mtu huingia baharini kama mwizi, huku ndiye anayeijua bahari kuu kuliko wengi. Shida za mwanamke zimesimuliwa kidogo, kwa sababu kazi yake iko uani na haikamatwi na askari. Lakini hebu tuifuate kofia moja tangu inapomalizika.

Mwanamke asiye na kipande hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kwa hiyo M-Pesa yake iko kwa jina la jirani, la shemeji, au la mtoto wa mwenye nyumba. Pesa ya kofia ikiingia, imeingia kwa mtu mwingine, na yeye anaipata kwa hisani. Hawezi kufungua akaunti ya benki. Hawezi kuwa mwanachama wa kikundi kilichosajiliwa, hivyo mikopo ya akina mama inayotangazwa kila mwaka inampita. Na jambo zito kuliko yote kwa mshonaji: hawezi kusafiri kwa utulivu. Barabara ya kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni barabara ya mpakani, ina vizuizi, na askari akidai kipande nawe huna, safari imeishia hapo na gharama zimeanza. Basi kofia haiendi Mombasa na aliyeishona. Huenda na mchuuzi. Mchuuzi ndiye anayejua bei ya soko, ndiye anayeleta bafta na nyuzi kwa mkopo, ndiye anayekata deni lake kwanza. Mwanamke anapewa kilichobaki, na hawezi kubishana kwa sababu hajawahi kuliona duka lenyewe.

Hivyo ndivyo bei anayolipwa mshonaji ilivyoshuka. Watu husema ni mashine za ng'ambo, na ni kweli mashine zimechangia. Lakini kofia ya mkono na kofia ya mashine hazina mnunuzi mmoja. Bwana harusi anayetaka kofia ya mkono hatachukua ya kontena. Bei ya madukani ipo. Haimfikii mshonaji kwa sababu njia kati yake na duka ilizibwa kwa karatasi.

Mnamo Januari 2023 Rais William Ruto alitangaza rasmi kuwa Wapemba ni mojawapo ya jamii za Kenya, na tarehe 28 Julai mwaka huo, mjini Kilifi, wakaanza kukabidhiwa stakabadhi zao. Waliohusika walikadiriwa kuwa watu 7,000 hivi. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 hadi serikali ikawakubali. Wamakonde walikuwa na vinyago, Wapemba wana kofia na mitego. Kila mara hao wanaosemekana hawana kwao ndio walioshika kazi ya mikono ambayo pwani nzima inajivunia.

Kipande ni kitu kikubwa na sitaki kukipunguza. Nimeona mama mtu mzima akikifunga kipande chake ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kasha. Lakini kipande peke yake hakipandishi bei ya kofia. Kinafungua mlango tu. Baada ya hapo lazima kuwe na mtu anayenunua, anayelipa kwa haki na anayejua analipa nani. Hapa ndipo warsha nyingi zinapoanguka.

Nizungumzie kofia yenyewe, ili msomaji aone kwa nini nalikasirikia darasa. Kitambaa ni bafta nyeupe. Hukatwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja kikiwa na tabaka zake. Huchorwa kwanza kwa penseli: maua, mikunjo, misumeno, kila mahali kiua kitakapokaa. Kiua ni tundu dogo linalotobolewa kwa sindano nene, kisha ukingo wake ukazungushiwa uzi, pigo kwa pigo, mpaka tundu libaki wazi bila kuchanika. Ukivuta uzi kwa nguvu, bafta inakunjamana. Ukilegeza, kiua kinafumba kofia ikifuliwa mara ya pili. Kati ya viua hupita mistari ya mshono inayozipa tabaka ugumu, na hiyo ndiyo inayoifanya kofia isimame. Vikimalizika vipande viwili, huunganishwa. Na hapo kosa la upana wa uzi mmoja tu hufanya ukanda ukatae kukutana na duara. Mwisho kofia hufuliwa, hutiwa wanga, huvishwa juu ya kopo la kiasi chake ikauke ikiwa na umbo. Kofia yenye kazi nzito huweza kuchukua miezi, maana hushonwa kwa saa za kuiba: baada ya chakula, baada ya kuteka maji, baada ya mwani kwa wanaolima mwani, kabla jua halijazama.

Sasa mwanamke huyu aletewe mwezeshaji kutoka mjini amfundishe kushika sindano. Apewe fremu ya plastiki na kitambaa chenye picha ya twiga. Mwisho wa siku tatu apewe cheti, apigwe picha, na atakachoshona kipelekwe Diani kuuziwa watalii. Nasema kwa uchungu: huo si msaada. Unamwambia fundi kwamba ufundi wake si ufundi mpaka mgeni aufundishe, na unamwondoa kwenye soko analolijua, la misikiti na harusi kuanzia Lamu hadi Ngazija, ukamtupa kwenye soko la mapambo ambalo watalii wakiadimika hufa. Kule Omani, ambako kofia za aina hii huitwa kuma na ambako mawasiliano na Zanzibar hayajakatika, kofia ya mkono huheshimiwa na hulipwa vizuri. Soko hilo lipo kwa lugha yetu na kwa jamaa zetu. Sijui ni warsha gani iliyowahi kulitazama.

Kuna jambo moja la warsha hizi nalitetea kwa nguvu, nalo ni kukaa pamoja. Wanawake wakishona pamoja, macho ya kila mmoja yako kwenye kitambaa chake. Hakuna anayemkodolea mwenzake. Mtu anaweza kuanza kusimulia usiku wa mashua, mtoto aliyekuwa akilia na wakaambiwa wamzibe mdomo, ndugu aliyeachwa ufukoni. Akifika mahali pagumu akanyamaza, hakuna anayemhimiza amalize, sindano zinaendelea, na baada ya kitambo mwingine anaomba mkasi. Mshauri nasaha mwenye fomu huuliza usoni na hujibiwa kwa adabu. Uani hapaulizwi kitu na panasemwa mengi. Wasichana nao huwa hapo, wakiwatungia uzi mabibi ambao macho yamekwisha kwa kazi hiihii, na katika kutunga uzi wanasikia walikotoka. Shirika likitaka kuwasaidia wanawake wa Vanga kwa warsha, lijenge banda lenye mwanga mzuri, liweke maji na mkeka, lilipie miwani, kisha likae kando.

Miwani, nasisitiza. Fundi wa miaka arobaini na mitano asiyeona tundu la sindano amestaafishwa kwa kukosa kitu kinachopatikana kwa bei ndogo Ukunda.

Pwani hii iliwahi kuwa na nafasi ya kufanya vizuri na ikaipoteza. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, watu wa Barawa walikimbilia Mombasa kwa majahazi. Ni jamaa zetu kwa lugha. Chimwini chao ni tawi la Kiswahili. Na kofia za Barawa zilikuwa na sifa kote pwani ya Benadir, wakizishona wanawake majumbani. Walikuja na sindano zao. Wakawekwa kwenye kambi za Mombasa na viunga vyake, Utange, Benadir, Swaleh Nguru na nyinginezo, na kwa miaka michache mikono hiyo ilikuwa karibu kabisa na soko linaloijua thamani yake. Kisha serikali ikaamua kambi za pwani zifungwe. Kufikia mwisho wa muongo ule watu walikuwa wamepelekwa Dadaab na Kakuma, jangwani, mbali na kila mvaa kofia, au wamepata makao mapya Marekani na Uingereza. Mombasa ikabaki na kofia za kontena. Tungewaacha wale wanawake wakae, wakodi vyumba Mji wa Kale, wachukue wanafunzi, leo tungekuwa tunaiuzia Ghuba kofia badala ya kuziagiza.

Wengine walifanya tofauti. Huko Gaza shirika la Umoja wa Mataifa la UNRWA lilianzisha mradi wa kudarizi wa Sulafa mwaka 1950, miaka miwili tu baada ya Wapalestina kufukuzwa makwao, na wanawake wa kambini walilipwa kwa kazi waliyorithi kwa mama zao, kila eneo na nakshi zake. Lebanoni, chama cha Inaash kimefanya hivyohivyo tangu 1969. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika darizi ya Kipalestina katika orodha ya urithi wa binadamu. Darizi haikuwarudishia ardhi. Lakini ilizuia hasara nyingine: nakshi za kijiji kilichobomolewa hazikupotea pamoja na kijiji, na mwanamke hakugeuka kuwa mpokea mgao tu. Karibu nasi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, WomenCraft imewaleta wanawake wenyeji na wakimbizi wa Burundi kusuka vikapu katika kazi moja, kwa soko moja. Hilo la wenyeji na wageni pamoja ni la kuigwa Vanga hasa. Kikundi cha Wapemba peke yao kitaleta kijicho kesho. Kikundi cha Mpemba, Mdigo na Mvumba kitakuwa cha kijiji, kama ndoa zao zilivyo.

Na wapo wanaofuata nyuma ya Wapemba. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki nane. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka Kakuma na Dadaab zigeuke kuwa miji ya wenyeji na wakimbizi. Maneno ni mazuri. Lakini mwomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa husubiri miaka, na kusubiri kwake ni kulekule kulikowala Wapemba: hakuna laini, hakuna akaunti, hakuna safari. Yaliyotokea Vanga yanatufundisha gharama ya kusubiri. Watu waliofika kabla hatujapata bendera walipewa kipande mwaka 2023. Tusimfanyie hivyo mama wa Kikongo anayefuma vitambaa leo katika chumba cha kukodi Mombasa.

Basi nifike kwenye yanayowezekana, maana hayahitaji fedha za kutisha. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka watu kumi tu ili kikundi kitambuliwe. Ofisa wa maendeleo ya jamii ateremke Vanga, Jimbo na Shimoni na fomu, awasajili washonaji pale walipo, badala ya kuwaita Kwale mjini kwa nauli wasiyo nayo. Serikali husema asilimia 30 ya zabuni zake ni za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kofia kinastahili kuambiwa hivyo na kusaidiwa kujaza makaratasi, kwani huko ndiko kunakohitajika darasa kweli: kupiga hesabu ya nyuzi, saa na bei, kusoma mkataba, kukataa mkopo wa mchuuzi.

Kisha jina. Ndani ya kila kofia ya mkono pana upande wa ndani wa ukanda ambao hauonekani. Pashonwe hapo jina la kijiji na la kikundi, na mwenye kupenda aongeze herufi zake. Wapo watakaosema hiyo ni mikogo. Nawakumbusha habari ya kikoi: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno hilo kuwa alama yake ya biashara, na ilibidi wafumaji na wafanyabiashara wa Kenya wapiganie jina la nguo ya babu zao mpaka ombi hilo likaanguka. Kazi isiyo na jina la mwenyewe huokotwa.

Wachuuzi nao si maadui wote. Wapo waliowalisha watu hawa miaka ambayo serikali iliwakana. Wanaweza kubaki, wakiwa wanunuzi mbele ya kikundi, bei ikisomwa kwa sauti na kuandikwa. Atakayeona hilo ni gumu, tutakuwa tumejua alikuwa akipata faida yake wapi.

Ombi langu la mwisho ni kwa Serikali ya Kaunti ya Kwale. Kila mgeni mkubwa akija kwetu huvishwa kofia na kikoi jukwaani, mbele ya kamera, na kofia hizo hununuliwa kwa fedha za umma. Ziagizwe Vanga na Shimoni, miezi mitatu kabla, za mkono. Zilipwe siku zinapopokewa, na malipo yaende kwenye akaunti ya kikundi cha walioshona.